Picha Hii Ilichorwa kwa Nani?

Maneno juu ya daftari la safari la kijana wa kwetu



Kijana mmoja wa parokia yetu amerudi nyumbani kwa likizo. Anasoma ufundi wa kuchora katika shule kubwa huko Ubelgiji. Mwaka huu walimu wake waliwachukua wanafunzi wa darasa lake, wakazunguka nao Ulaya muda wa mwezi mmoja, ili waone kwa macho mambo waliyoyasoma vitabuni. Walianzia Gent na Tervuren, wakaenda Paris, kisha Colmar, ndipo wakaingia Italia: Padova, Firenze, hata Roma. Kijana amerudi na vitu viwili: telefoni yenye picha zaidi ya elfu moja, na daftari moja nene alilolijaza kwa kalamu ya risasi.

Jioni moja alituletea daftari hilo barazani, akasema: « Baba katekista, lisome lote, halafu uniambie kweli. Usinisifu bure. » Tukalisoma siku nne. Sisi wenyewe hatukufika Ulaya. Picha hizo tunazijua kwa vitabu tu, tangu siku za seminari, padri mmoja mzee alipokuwa akituonyesha kadi za picha baada ya chakula cha jioni. Lakini hata mtu asiyejua kupika aweza kujua kama chumvi imepungua.

Tena tunayo sababu ya kusema. Kamati ya parokia imekusanya fedha za kuchora ukuta ulio nyuma ya altare, na wazee wamelitaja jina la kijana huyu. Ukuta ukichorwa vibaya, watoto wetu watautazama ubaya huo kila siku ya Mungu kwa miaka mingi. Kwa hiyo daftari lake si jambo lake peke yake.

Neno letu ni hili. Daftari hili ni zuri kila mahali kijana alipojiuliza swali moja, nalo ni dhaifu kila mahali alipolisahau. Swali lenyewe ni: picha hii ilichorwa kwa nani, na mtu huyo alikuwa wapi alipoitazama? Tufuate sasa kurasa zake.

1. Mahali alipopotea

Tuanze na ubaya, ili tumalize kwa mema. Kurasa za Paris ni mbaya.

Katika nyumba ya makumbusho ya Louvre kijana alisimama katika mstari mrefu ili aione Mona Lisa ya Leonardo da Vinci. Ni ubao mdogo: urefu wake sentimeta 77, upana wake sentimeta 53. Aliuona kwa mbali, juu ya mikono ya watu walioinua telefoni zao, naye akainua ya kwake. Katika daftari ameandika mistari miwili: kwamba picha ni ndogo, na kwamba miguu inamwuma. Hatumlaumu kwa kuumwa na miguu. Twamlaumu kwa jambo lingine.

Katika chumba kile kile, ukutani upande wa pili, pana picha kubwa sana: Arusi ya Kana, kazi ya Paolo Veronese, aliyoimaliza mwaka 1563. Upana wake ni karibu meta 10, kimo chake ni karibu meta 7, na watu wapatao 130 wamo ndani yake. Atakaye kumtazama Mona Lisa hana budi kuigeuzia mgongo arusi hiyo. Kijana wetu aliigeuzia mgongo kama wengine. Katika telefoni yake imo mara moja tu, nusu yake, nyuma ya kofia ya mtu.

Je, picha hiyo ilichorwa kwa nani? Kwa watawa wa San Giorgio Maggiore, kule Venezia. Haikuwekwa kanisani, bali katika chumba chao cha kulia. Watawa walikaa mezani, na mbele yao ukutani ilikuwapo meza nyingine, yenye wageni na wapiga muziki na watumishi wanaomimina divai, na Kristu katikati. Aliyekuwa akila aliona karamu. Mwaka 1797 askari wa Napoléon waliikata vipande wakaipeleka Paris. Napoléon aliposhindwa, mwaka 1815, kazi nyingi zilizochukuliwa zilirudishwa Italia. Hiyo haikurudi, Wafaransa walitoa picha moja ya Charles Le Brun badala yake. Tangu mwaka 2007 ukuta ule wa Venezia una nakala yenye ukubwa ule ule, iliyofanywa kwa mashine za siku hizi.

Ona basi, msomaji: karamu iliyopoteza meza yake, na meza iliyobaki na kivuli cha karamu. Mwanafunzi wa kuchora angeweza kukaa mbele ya jambo hilo siku nzima. Kijana wetu alikaa katika mstari.

2. Gent na Tervuren

Kurasa za Gent ni bora kidogo. Katika kanisa kubwa la Mtakatifu Bavo ipo picha ya altare yenye milango, iliyoanzwa na Hubert van Eyck na kumalizwa na mdogo wake Jan mwaka 1432. Kijana amechora kwa uangalifu Mwana-kondoo juu ya altare, na majani yaliyo chini ya miguu ya watu. Ameandika kwamba mafundi hao walipaka rangi yenye mafuta, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, hata mwanga ukaonekana kama unatoka ndani. Hayo ni kweli, nayo ni maneno ya mtu aliyetazama.

Ametaja pia mateso ya picha hiyo. Jeshi la Ufaransa lilichukua sehemu zake mwaka 1794, zikarudi. Baadaye milango yake iliuzwa, ikafika Berlin. Ikarudi baada ya vita ya kwanza, kwa nguvu ya mapatano ya Versailles. Mwaka 1934 mwizi aliiba ubao wa Waamuzi Wenye Haki, na hata leo haujaonekana. Mahali pake pamewekwa nakala. Katika vita ya pili Wadachi waliichukua yote, na mwaka 1945 ilikutwa Austria, ndani ya mgodi wa chumvi wa Altaussee. Leo ipo tena katika kanisa lake.

Kutoka Gent walikwenda Tervuren, karibu na Brussels, kwenye makumbusho makubwa ya Afrika. Hapo tulitazamia kurasa kumi. Tulikuta nusu ukurasa, bila picha hata moja. Tukakasirika. Tulimwambia: « Wewe mtoto wa Katanga, umechora majani ya Gent, lakini umepita mbele ya kazi za babu zako kama mtu anayekimbia mvua? » Maana katika nyumba ile imo kazi ya fundi mmoja wa Waluba wa karne ya 19: mwanamke anayeshika bakuli kwa mikono miwili, mwenye uso mrefu wa huzuni na vidole virefu. Jina lake hatulijui. Mtaalamu wa Ubelgiji, Frans Olbrechts, ndiye aliyeonyesha kwamba kazi kadhaa zilizotawanyika katika nyumba mbalimbali zina mkono mmoja. Na kwa kuwa baadhi yake zilitoka kijiji cha Buli, watu walimwita Fundi wa Buli. Fundi huyo hapungukiwi na kitu mbele ya mafundi wa Gent.

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema: « Baba, nilimwona yule mama wa bakuli. Nilitoa kalamu. Mkono ulikataa. » Ndipo tukasoma tena ule nusu ukurasa. Kuna majina saba tu: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Hao ni Wakongo waliopelekwa Tervuren mwaka 1897, pamoja na wenzao zaidi ya mia mbili, wawekwe katika vijiji vya kuonyeshwa, watu wa Ulaya wapite kuwatazama. Hao saba walikufa kule, nao wamezikwa kando ya kanisa la Tervuren. Kijana alitoka katika makumbusho, akaenda makaburini, akaandika majina.

Basi hasira yetu ilipoa. Tulikuwa tumehukumu kabla ya kusikiliza. Lakini neno moja twalidumisha. Ameandika vizuri juu ya ubao wa Gent uliopotea, na juu ya milango iliyorudishwa. Angeweza kuunganisha mambo hayo mawili. Nchi iliyopokea tena kitu chake kutoka Berlin, na tena kutoka mgodi wa Altaussee, yajua furaha ya kurudishiwa. Mwezi wa Juni 2022 mfalme wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku; hakukitoa kabisa, alikikopesha bila kuweka mwisho wa muda. Ni mwanzo. Mama wa bakuli bado yuko Tervuren. Yeye hakuchongwa akae katika sanduku la kioo. Bakuli lake lilikuwa na kazi, nao waliolitumia walijua kwa nini anainamisha uso. Siku kijana atakapoweza kumchora, amchore pamoja na swali hilo.

3. Colmar: ukurasa bora kupita zote

Sasa tusifu. Kule Colmar, katika makumbusho ya Unterlinden, imo picha ya altare ya Isenheim, aliyoichora Matthias Grünewald kati ya mwaka 1512 na 1516; sanamu zake za mti ni kazi ya Niklaus wa Haguenau. Kijana alikaa mbele yake tangu asubuhi hata walinzi walipofunga mlango. Wenzake walikwenda kula, yeye hakwenda.

Kristu wa msalaba huo anatisha. Mwili umejaa vidonda na miiba, ngozi imegeuka rangi ya kijani, vidole vimekunjuka kama matawi makavu. Watu wengi wameuliza: kwa nini mchoraji alikosa heshima hivi? Lakini kijana wetu aliuliza swali lililo sawa: ilichorwa kwa nani?

Ilichorwa kwa wagonjwa. Watawa wa Mtakatifu Antoni huko Isenheim walikuwa na hospitali ya watu waliopatwa na ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Leo twajua chanzo chake: ni kuvu inayoota katika nafaka fulani ya nchi za baridi, jamaa ya ngano. Maskini waliokula mkate wa unga huo waliungua mwilini kana kwamba moto umo ndani. Mikono na miguu ilikuwa myeusi, mara nyingine ikakatika. Watawa waliwapa chakula kizuri, wakawauguza, na tena wakawaleta mbele ya picha hiyo. Mgonjwa alipoinua macho aliona ngozi yake mwenyewe juu ya msalaba. Grünewald hakukosa heshima. Aliwaheshimu wale wasiotazamwa na mtu.

Kijana ameona na jambo la pili. Picha hiyo ilikuwa na milango iliyofungwa na kufunguliwa. Siku za kawaida wagonjwa waliona msalaba tu. Siku za sikukuu milango ilifunguliwa, wakaona Bikira Maria na malaika wapiga zeze, na Kristu anayefufuka katika mwanga mwekundu na wa manjano, ngozi yake imekuwa safi, bila kidonda kimoja ila alama za misumari. Leo, katika makumbusho, mbao zimetenganishwa ili mgeni azione zote kwa saa moja. Kijana ameandika: « Sisi tunaona Pasaka bila kungoja. » Hilo ni neno la mchambuzi wa kweli, nasi hatuna la kuongeza.

Chini ya ukurasa amechora mikono ya Kristu. Kando yake amechora mikono mingine miwili, mizee, iliyolala juu ya blanketi. Tulimwuliza ni ya nani. Akasema ni ya babu yake, aliyemlinda hospitalini miezi mitatu kabla ya kuondoka kwenda Ubelgiji. Katika daftari lote hakuna mchoro uliochorwa kwa uaminifu kama huo.

4. Padova na Firenze

Padova kuna kanisa dogo la Scrovegni, ambalo kuta zake zote zilichorwa na Giotto karibu na mwaka 1305. Siku hizi mgeni hangii tu. Hungoja kwanza katika chumba cha vioo, ili vumbi na unyevu wa mwili wake visiharibu rangi, kisha hupewa kama dakika 15 za kutazama. Dakika 15! Kijana alifanya busara: hakutazama kuta zote. Alichagua picha moja, ile ya watu wanaomlilia Kristu aliyekufa. Hapo mbele wamekaa watu wawili waliotugeuzia migongo; nyuso zao hatuzioni. Amewachora hao tu. Na kweli, kwa migongo hiyo Giotto ametuketisha katika kilio. Sisi nasi tu nyuma yao, kama wageni waliochelewa kufika matangani.

Ameandika pia habari za kazi yenyewe, na hizo zitamfaa katika ukuta wetu. Fundi hupaka ukuta chokaa na mchanga, kisha huchora chokaa ikiwa bado mbichi, kwa rangi zilizochanganywa na maji. Chokaa ikikauka huwa kama jiwe, na rangi hubaki ndani yake. Kwa hiyo hupaka kipande anachoweza kukimaliza siku ile tu. Wataalamu wamehesabu vipande vya namna hiyo kule Padova, navyo ni zaidi ya 800. Rangi ya buluu ya mbingu ilipakwa chokaa ikiwa imekauka, ndiyo sababu imebanduka mahali pengi. Jambo hili tulisome kwa masikio mawili: rangi nzuri iliyowekwa saa isiyo yake haishiki.

Lakini tungalipenda aulize tena swali lake. Kanisa hilo lililipwa na Enrico Scrovegni, mtu tajiri sana. Dante alimweka baba yake katika jehanamu pamoja na wakopeshaji wa riba. Katika picha ya Hukumu ya Mwisho Enrico mwenyewe amepiga magoti, akitoa kanisa lake dogo mikononi. Basi ilichorwa kwa nani? Kwa tajiri aliyeogopa. Kijana amelipita jambo hilo. Asilipite hapa kwetu, maana hapa pia wapo wenye kutoa fedha nyingi ili majina yao yasomwe.

Firenze alikwenda kwenye nyumba ya watawa ya San Marco, ambayo ni makumbusho tangu mwaka 1869. Hapo Mwenye Heri Fra Angelico, mtawa wa Mtakatifu Dominiko, alichora kati ya miaka ya 1430 na 1440 na zaidi kidogo. Katika kila chumba kidogo cha mtawa alichora picha moja ukutani, kando ya dirisha. Ni picha zenye vitu vichache: ukuta mweupe, malaika, mwanamwali aliyepiga magoti. Hakuna dhahabu, hakuna umati. Kijana anasema kwamba mwanzoni aliona ni kazi maskini. Halafu alisimama katika chumba kimoja peke yake, akafahamu: mtu mmoja aliishi na picha hii moja miaka yote, asubuhi na usiku. Picha yenye makelele ingalimchosha kwa juma moja.

Juu ya ngazi, mahali ambapo wote walipita, Fra Angelico alichora Malaika akimpasha Maria habari, na chini yake yameandikwa maneno ya kumkumbusha apitaye asisahau kusali Salamu Maria. Ya chumbani ni ya kukaa, ya ngazini ni ya kupita. Fundi mmoja, habari ile ile, mahali pawili, picha mbili tofauti. Ukurasa huu tumeupa alama nyingi.

5. Roma: kosa la mwanafunzi mwerevu

Katika kanisa la San Luigi dei Francesi, kule Roma, Caravaggio alichora Wito wa Matayo, mwaka 1599 na 1600. Watu watano wamekaa mezani na fedha. Kristu ameingia kutoka upande wa kuume, amenyosha mkono, na mwanga unaingia pamoja naye. Mzee mwenye ndevu, katikati, ananyosha kidole. Je, anajionyesha mwenyewe, kama kusema « Mimi? », au anamwonyesha kijana aliyeinamisha kichwa mwishoni mwa meza akihesabu sarafu?

Wataalamu wengine wamesema kwamba Matayo ndiye huyo kijana wa sarafu. Mwanafunzi wetu amewafuata, na hoja yake ni nzuri: aliyeitwa ni yule ambaye bado hajasikia. Tuliisoma mara mbili, ikatupendeza. Hata hivyo twamwambia amekosa, na sababu ya kosa lake ni ile telefoni. Alipiga picha ya Wito peke yake, akarudi nyumba ya wageni, akaandika usiku huku akikitazama kioo kidogo. Lakini katika kikanisa hicho picha ni tatu. Ukutani upande wa pili Matayo anauawa. Juu ya altare anaandika Injili. Katika hizo mbili yeye ni mzee mwenye ndevu. Mkristu aliyesimama pale alizungusha macho akamjua mara moja yule wa mezani. Picha ikitengwa na jirani zake, hata mwerevu aweza kuisoma vibaya.

Lakini jambo moja alilikamata vizuri. Mwanga wa picha unatoka upande wa altare, ambapo pana dirisha la kweli. Caravaggio aliuendeleza mwanga wa dirisha katika rangi zake. Ndiyo kusema, kabla ya kuchora alitazama jua linaingia wapi.

6. Je, kulikuwa na faida kwenda?

Baadhi ya wasomaji watasema: gharama zote hizi ni za nini? Mchoraji wa Kongo ana haja gani na kuta za Wataliano? Hoja hii si mpya. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji hapa Katanga, katika mji ulioitwa siku zile Elisabethville. Yeye hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Alitaka kila mmoja achore kilichomo ndani yake na kilichoko mbele ya macho yake. Katika karakana ile walitoka Pili Pili Mulongoy na samaki na ndege zake, na Bela aliyechora kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga na mistari yake mingi. Majina hayo yanajulikana mbali. Basi mwalimu yule hakukosa kabisa.

Lakini twadhani alichanganya mambo mawili: mkono na jicho. Mkono ukiiga, hupotea. Hilo ni kweli. Jicho halipotei kwa kuona. Mtu aliyetembea vijiji kumi, akaona jinsi kila kijiji kinavyozika wafu wake, harudi kwao kuzika kama wageni. Hurudi akijua vizuri zaidi kwa nini kwao wanazika vile. Tena huko nyuma Mzungu ndiye aliyeamua Mwafrika aone nini na asione nini. Leo kijana aamue mwenyewe.

Hatari iliyopo ni nyingine. Ni kurudi na maumbo bila kurudi na swali. Tumeona makanisa ambamo mchoraji amebandika nguzo za Roma na mawingu ya Venezia juu ya saruji ya kwetu, na watu hawajui kama wanamtazama mtakatifu au tangazo la sabuni.

7. Ukuta wetu

Wazee wapendwa wa kamati, sasa twawaambia ninyi. Wengine wenu mmetaka kijana atuletee Kana ya Veronese, kwa kuwa mmeiona katika kalenda nayo inang'aa. Msimwombe hivyo. Picha ile ililia vya kutosha ilipotolewa nyumbani kwake mara moja. Wengine mnataka jina la mfadhili liandikwe chini kwa herufi kubwa. Mkumbukeni Enrico Scrovegni: yeye angalau alichorwa akiwa amepiga magoti.

Hukumu yetu ni kwamba kijana huyu apewe ukuta, lakini si mwezi huu. Kurasa za Colmar na San Marco zaonyesha kwamba anaweza. Kurasa za Paris zaonyesha kwamba bado huvutwa na mstari wa watu. Kwanza akae nyuma ya kanisa letu Misa zote za mwezi mmoja, bila telefoni. Atazame dirisha la upande wa kushoto, ambalo saa mbili za asubuhi hutupa mwanga juu ya ukuta ule. Aupime unyevu wa masika, kwa maana bati letu linavuja pembeni. Aulize mafundi kama saruji iliyopo yaweza kushika chokaa, au itabidi ikwanguliwe yote.

Tulipomwambia hayo alikubali, ingawa uso wake ulionyesha kwamba alitazamia kuanza kesho yake. Kisha akauliza: « Baba katekista, viti vya nyuma kabisa hukaa nani? »

Tulifikiri kidogo kabla ya kujibu. Hukaa wachimbaji waliofika moja kwa moja kutoka mashimoni, wakiona haya kwa vumbi la nguo zao. Hukaa mama wanaouza unga, ambao hutoka kabla ya baraka ili wawahi soko. Hukaa mjane mmoja ambaye tangu mwaka jana hajaja mbele kupokea Komunyo, wala hatujui sababu.

Hatukumwambia hayo yote. Tulimwambia: « Njoo siku ya Mungu, Misa ya kwanza, uketi nao. » Akaliandika katika daftari, ukurasa unaofuata ule wa Roma.